Pompi ya nne: kwa nini usukani wa gari unakufa tena na tena Kamina

Kamina, Haut-Lomami. – Kuna maneno matatu ambayo abiria wa Kamina wameyazoea: "Direksyo imekuwa nguvu." Dereva anayasema kwa sauti ya chini, mikono yote miwili ikivuta usukani kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Abiria aliyesafiri sana anajua kinachofuata. Gari itasimama kando, kifuniko cha injini kitafunguliwa, na mtu mmoja atapanda pikipiki kurudi mjini kutafuta pompi. Wengine watakaa chini ya mti. Wakibahatika, watafika kabla ya giza.

Jambo hili linagusa watu wengi. Tangu 2015 Kamina ni mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami, na tangu zamani ni njia panda ya reli. Njia moja inatoka Lubumbashi na kuendelea kuelekea Mwene-Ditu, Kananga na Ilebo. Nyingine inaachana nayo hapa na kwenda Kabongo, Kabalo na Kalemie. Lakini treni haipiti kila siku. Mgonjwa, mwanafunzi, muuza samaki na familia iliyohama makwao, wote wanategemea mabasi madogo, gari za Land Cruiser na makamyo. Kwa familia iliyohama, safari ya gari si matembezi. Mara nyingi ndani ya gari hiyo kuna vyote walivyobaki navyo: magodoro, sufuria, gunia la unga wa muhogo, na watoto. Usukani ukikataa, maisha yote yanasimama kando ya barabara.

Swali ambalo watu wanauliza ni moja. Kwa nini gari iliyobadilishiwa pompi leo inarudi garaji na ugonjwa uleule baada ya miezi miwili ao mitatu? Wengine wanasema ni barabara. Wengine wanasema ni piesi za bandia. Wengine wanasema ni madereva wezi. Habari ya dereva mmoja wa Hiace, ya mama mwenye gari, na ya fundi mzee wa hapa mjini inasaidia kujibu.

Mtoto anayesukuma nyuma

Kila asubuhi baiskeli zinaingia Kamina na magunia ya makala. Mtu mzima anashika usukani mbele, na mtoto anasukuma nyuma. Mtoto akisukuma vizuri, mtu wa mbele anaongoza tu. Mtoto akiacha ghafula, baiskeli haivunjiki, lakini uzito wote unaangukia mikono ya mtu mmoja, pengine katikati ya mlima.

Ule usaidizi wa usukani, ambao madereva wanauita direksyo asiste, ni kama mtoto huyo. Injini inazungusha mkanda, na mkanda unazungusha pompi. Pompi inavuta mafuta kutoka kwenye kikopo kidogo na kuyasukuma kwa nguvu kubwa kupitia tuyo, mpaka kwenye chuma chenye meno kinachogeuza magurudumu ya mbele. Dereva akigeuza usukani kidogo, mafuta yanapita upande anaoutaka na kumsaidia. Shinikizo ndani ya tuyo hiyo linaweza kupita mara 70 ya lile la hewa ya kawaida. Ndiyo maana tuyo dhaifu haidumu hapo, na ndiyo maana tone dogo la mafuta chini ya gari si jambo la kupuuza.

Ufundi huu si mpya. Mhandisi wa Marekani, Francis Davis, aliuonyesha miaka ya 1920, na gari ya kwanza ya abiria kuuzwa nao ilikuwa Chrysler Imperial ya 1951. Kabla ya hapo, madereva waligeuza gari kwa nguvu ya mabega yao, na makamyo yalitengenezwa na usukani mpana kusudi dereva apate mahali pa kuvutia.

Kuna jambo moja ambalo abiria na madereva wanapaswa kulijua. Usaidizi ukifa, usukani haukatiki. Chuma bado kinaunganisha mikono ya dereva na magurudumu. Gari bado inageuka, lakini inadai nguvu nyingi sana, na inadai nyingi zaidi inapokwenda polepole. Hatari kubwa ni mshtuko. Dereva aliyezoea kugeuza kwa kidole kimoja anadhani usukani umekwama kabisa. Anaogopa, anaachilia, ao anazima injini. Hapo ndipo gari inaingia shimoni.

Pompi tatu ndani ya mwaka mmoja

Dereva huyo ana zaidi ya miaka 20 barabarani. Hiace anayoendesha si yake. Ni ya mama mmoja mjane, muuza unga sokoni, aliyeinunua kwa pesa aliyoacha mume wake, mfanyakazi wa reli. Mapatano yao ni yale ya kila mahali: dereva anapeleka kiasi fulani kila jioni, kinachozidi ni chake, na gari ikiharibika mama analipa piesi.

Pompi ya kwanza ilikufa mvua zilipoanza. Fundi wa karibu akaitoa, akaweka nyingine ya okazyo iliyotoka Lubumbashi. Gari ikaenda vizuri. Baada ya wiki saba ikaanza kulia kila inapokata kona, sauti nyembamba kama ya mbwa mdogo aliyefungiwa nje. Kisha ikafa. Wakanunua ya tatu. Hii ilikuwa mpya, ndani ya boksi lenye jina la kampuni kubwa, lakini jina hilo lilikosa herufi moja. Kabla ya miezi miwili nayo ikaanza kulia.

Hapo shida ikaacha kuwa ya chuma, ikawa ya watu. Mama mwenye gari alifanya hesabu. Kila pompi ilikula pesa ambayo gari inaleta kwa wiki mbili ao zaidi. Ndugu za marehemu mume wake wakamwambia: "Huyo dereva iko anakukula. Anauza pompi ya muzuri, anaweka ya kufa." Maneno kama hayo yanasemwa sana juu ya madereva, na kwa kweli wako wanaofanya hivyo. Mama akamwita nyumbani siku ya Jumapili, baada ya misa.

"Papa, niambie ya kweli," alimwambia. "Hii pompi, kitu gani iko inaikula?"

"Mama, sijue," dereva akajibu. "Niko naona tu inakufa."

Akaweka funguo za gari juu ya meza. Mama hakuzichukua, wala hakumwambia azirudishe mfukoni. Kwa dereva, funguo hizo zilikuwa pesa ya shule ya watoto wanne. Kwa mama, zilikuwa kitu cha mwisho alichoachiwa na mume wake. Walikaa kimya muda mrefu, na wote wawili walijua kwamba wakiachana siku hiyo, dereva mwingine atakuja na pompi itakufa tena.

Kwenye barabara ya Kabongo

Funguo zilirudi kwa dereva kwa sababu kulikuwa na safari iliyokwisha kulipwa nusu. Familia mbili zilizohama upande wa Malemba-Nkulu, baada ya maji ya Lualaba kuingia mashambani na nyumbani, zilikuwa zimekaa Kamina kwa ndugu muda mrefu. Sasa zilikuwa zinakwenda Kabongo, kwa mjomba aliyezipatia shamba. Walikuwa watu wazima tisa na watoto saba, na mizigo ilipanda juu ya paa mpaka kamba zikakaza.

Dereva alijua pompi inalia. Alijaza kikopo kwa mafuta ya injini, kama alivyofanya kila mara, akasema itafika.

Haikufika. Kwenye mteremko mmoja, penye daraja dogo la magogo chini yake, usukani ukawa mzito ghafula. Mbele kulikuwa na kona ya kushoto, na upande wa kulia maji ya mvua yalikuwa yamechimba barabara. Dereva aliondoa mguu kwenye gesi. Hakuzima injini. Akavuta usukani kwa mikono miwili, akakanyaga breki polepole na kwa mfululizo, bila kupigapiga. Gari ilisimama hatua chache kabla ya shimo.

Hakuna aliyepiga kelele. Bibi mmoja aliyekaa nyuma aliuliza:

"Papa shofere, tunavuka ao hatuvuke?"

"Mama, direksyo imekuwa nguvu. Mushuke kwanza."

"Tutashuka," bibi akasema, akimfunga mjukuu mgongoni. "Sisi tulishatembea njia ya murefu kupita hii."

Walivuka daraja kwa miguu, wakibeba mizigo kichwani. Dereva akavusha gari tupu peke yake. Ilimchukua muda, kwa sababu kila sentimita ya usukani ilimgharimu. Upande wa pili alikaa chini, mikono ikitetemeka, akawaambia wazee wa familia kwamba atawarudishia pesa yao. Hawakutaka pesa. Walitaka kujua kama atarudi kuwachukua. Usiku huo walilala katika kijiji cha karibu, na kesho yake wakapata kamyo iliyowapeleka mpaka Kabongo. Vijana wao wawili walibaki na dereva kumsaidia kugeuza gari.

"Chuma ya nani?"

Safari hii gari haikupelekwa kwa fundi wa kwanza. Ilipelekwa kwa mzee mmoja aliyejifunza kazi ya mashine zamani katika karakana ya reli. Mzee hakuanza na pompi. Alifungua kikopo cha mafuta, akachovya kidole, akapaka mafuta kwenye karatasi nyeupe, akaiweka juani. Mafuta yalikuwa meusi. Ndani yake mlikuwa na vumbi dogo linalong'aa.

"Hii mafuta iko na chuma ndani," mzee akasema. "Chuma ya nani?"

"Ya pompi," dereva akajibu.

"Ya pompi gani?"

Dereva akanyamaza. Mzee akajibu mwenyewe: ya ile ya kwanza. Pompi ya kwanza ilipokuwa inakufa, ilisagika na kumwaga unga wa chuma ndani ya mafuta. Fundi alipobadilisha pompi, hakubadilisha mafuta yote wala hakuosha tuyo. Unga ule ukaingia pompi ya pili na kuikwaruza. Ya pili ikamwaga wake, na ya tatu ikanywa wa zote mbili. Hata kama ya tatu ingekuwa nzuri kuliko zote, isingedumu ndani ya mafuta yale.

Lakini kitu gani kiliua ya kwanza? Mzee alionyesha mambo matatu. Jambo la kwanza ni mafuta yenyewe. Hiace hiyo inataka mafuta mepesi mekundu, yale ya giya ya otomatiki. Mafuta ya injini ni mazito kuliko hayo, na hayakutengenezwa kwa kazi hiyo. Asubuhi ya baridi pompi inahangaika kuyavuta. Jambo la pili ni tuyo inayotoka kwenye kikopo kwenda kwenye pompi. Kwa nje ilionekana nzima, lakini ndani mpira ulikuwa umechakaa na kubanduka. Pompi ilikosa mafuta na kuvuta hewa. Ile sauti ya kulia ilikuwa sauti ya hewa hiyo, na povu ndani ya kikopo lilikuwa alama yake. Jambo la tatu ni mkanda. Ulikuwa umezeeka na kung'aa kama ngozi ya kiatu kilichopigwa rangi, ukawa unateleza. Ili usipige kelele, fundi wa kwanza alikuwa ameukaza kupita kiasi. Mkanda uliolegea haugeuzi pompi vizuri, lakini mkanda uliokazwa sana unavuta mhimili wa pompi upande mmoja, mpaka unaivunja ndani.

"Mulikuwa munazika wafu," mzee akasema, "lakini hakuna mutu aliuliza ugonjwa."

Akainua magurudumu ya mbele juu ya magogo. Akafungua tuyo ya kurudisha mafuta, akaielekeza ndani ya chupa. Akamwambia dereva ageuze usukani kushoto na kulia, huku kijana anamimina mafuta mapya kwenye kikopo. Yalitoka meusi, kisha ya kahawia, na mwisho mekundu. Kikopo kikatolewa na kuoshwa, pamoja na chujio lake dogo. Tuyo mpya ikafungwa, na mkanda mpya ukakazwa mpaka kidole gumba kikiukandamiza katikati unashuka kama sentimita moja. Ndipo pompi ya nne ikawekwa, ya okazyo, ya bei ndogo. Mkanda, tuyo na chupa za mafuta mekundu, vyote pamoja, havikufikia bei ya pompi moja.

Mama mwenye gari alikuja garaji jioni. Mzee akamwonyesha karatasi mbili: moja yenye alama nyeusi inayong'aa, nyingine yenye alama nyekundu safi. Mama alizitazama sana.

"Kumbe dereva hakukula," akasema.

"Hakukula," mzee akajibu. "Lakini alikuwa iko ananywesha gari kitu isiyo yake. Na weye pia, Mama, ulikuwa unalipa pompi bila kuuliza."

Hata kwa wakubwa wa dunia

Mtu anaweza kufikiri kwamba piesi kufa tena na tena ni shida ya nchi zenye barabara mbovu tu. Sivyo. Mnamo 2010 kampuni ya General Motors ya Marekani iliita gari zaidi ya milioni 1, zikiwemo Chevrolet Cobalt, kwa sababu mota ya umeme inayosaidia usukani ilikuwa inaacha kazi ghafula. Mwaka wa 2014 kampuni hiyohiyo ikaita gari nyingine milioni 2.6 kwa kosa baya zaidi. Swichi ya ufunguo ilikuwa dhaifu. Gari ikiruka juu ya shimo, ao funguo zikiwa nzito, swichi ilijizungusha na injini ikazimika njiani. Injini ikizimika, usaidizi wa usukani unakufa, nguvu ya breki inapungua, na mifuko ya hewa ya kumkinga dereva haifunguki. Mfuko wa fidia uliowekwa na kampuni ulikubali vifo 124.

Katika habari hiyo kuna jambo linalofanana sana na ile Hiace. Mnamo 2006 swichi hiyo ilirekebishwa, lakini nambari ya piesi haikubadilishwa. Kwa hiyo waliochunguza ajali miaka iliyofuata hawakuelewa kwa nini gari za mwaka mmoja zinazimika na za mwaka mwingine hazizimiki. Kitu kilibadilishwa bila maandishi, na watu wakaendelea kufa.

Toyota nayo, mnamo Novemba 2012, iliita gari zaidi ya milioni 2.7 duniani. Sababu moja ilikuwa mhimili wa usukani ambao chuma chake hakikuwa kigumu vya kutosha. Dereva akizoea kuzungusha usukani kwa nguvu mpaka mwisho gari ikiwa polepole, meno ya mhimili huo yaliweza kulika kidogokidogo.

Katika nchi hizo, kampuni inatafuta gari kwa nambari ya shasi na kumwandikia mwenye gari aliyeandikishwa. Gari za Kamina zimepita mikono mingi: mwenye gari wa kwanza Japani, bandari ya Dar es Salaam ao Durban, Zambia, mpaka wa Kasumbalesa, Lubumbashi, ndipo hapa. Nyingi bado zina usukani upande wa kulia, ingawa Kongo watu wanapita kulia. Barua ya kiwanda haiwezi kuzifuata njia yote hiyo. Lakini nambari ya shasi bado iko juu ya chuma, na kampuni kubwa nyingi zina ukurasa wa intaneti ambapo mtu anaandika nambari hiyo na kuona kama gari yake iliitwa. Kijana mwenye simu anaweza kumfanyia mwenye gari kazi hiyo.

Yanayoweza kufanywa kila asubuhi

Fundi mzee anawaambia madereva wanaopita garaji yake mambo yaleyale, na hayadai pesa nyingi.

Kabla ya kuwasha, tazama chini ya gari. Tone jekundu ao jeusi upande wa mbele ni habari. Fungua kikopo, tazama kimo cha mafuta na rangi yake. Mafuta hayaliwi na usukani. Yakipungua, yanavuja mahali. Kujaza kila siku bila kutafuta pa kuvujia ni kuahirisha siku ya ajali. Soma kifuniko cha kikopo ao kitabu cha gari ili ujue aina ya mafuta inayotakiwa, kwa sababu gari zote hazinywi aina moja.

Gusa mkanda. Ukiwa na nyufa ao unang'aa, ubadilishe. Katika injini nyingine mkanda mmoja unazungusha pompi ya usukani, jenereta ya umeme na pompi ya maji. Ukikatika, taa ya betri inawaka, usukani unakuwa mzito, na baada ya muda mfupi injini inachemka. Dereva akiona mambo hayo pamoja, asimame mara moja.

Usishikilie usukani mpaka mwisho wa kona kwa sekunde nyingi. Pompi inakosa pa kusukuma mafuta, na mafuta yanapata moto. Usizungushe usukani gari ikiwa imesimama juu ya mchanga na mzigo mkubwa. Iache isogee kidogo kwanza. Jaza pumzi ya kutosha kwenye magurudumu ya mbele. Tazama pia mipira inayofunika ncha za chuma cha usukani. Ikipasuka, mchanga unaingia na kula kila kitu.

Gari ndogo za miaka ya karibuni hazina pompi wala mafuta. Zinasaidiwa na mota ya umeme. Hizo zinaonya kwa taa kwenye dashibodi. Mara nyingi betri iliyochoka ao waya uliolegea ndiyo sababu, kwa hiyo anza hapo kabla ya kununua mota. Kuzima na kuwasha tena kunaweza kurudisha usaidizi, lakini ugonjwa bado uko.

Na usukani ukikataa njiani: shika kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye gesi, kanyaga breki kwa mfululizo, tafuta mahali pa kusimama. Usitoe ufunguo gari ikiwa inaenda, kwa sababu usukani unaweza kufungwa na kufuli lake. Injini ikiwa imezimika, usipigepige breki. Ndani yake nguvu ya kusaidia inatosha kwa mara chache tu. Gari ikisimama, shusha watu.

Abiria nao wana sehemu yao. Dereva anayesema "direksyo imekuwa nguvu" hastahili kutukanwa wala kuharakishwa. Anayestahili kuogopwa ni yule ambaye anajua na ananyamaza, kwa sababu anaogopa kupoteza pesa ya siku hiyo. Familia inayokodi gari kwa safari ndefu inaweza kuomba, kwa heshima, kifuniko cha injini kifunguliwe kabla mizigo haijapandishwa. Kuuliza "Papa, usukani unalia?" ni rahisi zaidi ukiwa Kamina kuliko ukiwa juu ya mteremko.

Daftari la Jumamosi

Mama mwenye gari alinunua daftari la shule la kurasa 48. Kila Jumamosi jioni dereva analileta. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili ni piesi iliyobadilishwa na kwa sababu gani, ya tatu ni rangi na kimo cha mafuta, ya nne ni pesa. Piesi ya zamani inaletwa pamoja na daftari, ndani ya mfuko wa plastiki, kusudi mama aione. Ndugu za marehemu wamekwisha kulisoma, na maneno juu ya dereva yamepungua.

Pompi ya nne imemaliza masika na kiangazi, na bado inafanya kazi. Si kwamba ni bora kuliko zile tatu. Ilikuwa ya bei ndogo kuliko zote. Dereva alikwenda Kabongo tena, na alipofika aliuliza mpaka akawapata wale wa familia mbili. Aliwarudishia nusu ya pesa ya safari, iliyotoka kwa mama. Bibi aliipokea, akaihesabu, akatoa kuku mmoja. Kuku huyo naye ameandikwa kwenye daftari, safu ya nne.